Kansas kwa wenye siku chache: nyasi za Flint Hills, chaki ya magharibi au ndege wa Great Bend?

Kutoka Kansas City hadi mpaka wa Colorado ni zaidi ya kilomita 600, na mgeni mwenye siku mbili tatu akitaka kuona kila kitu ataishia kuona lami. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaofika jimbo hili hawaji kwa kampuni za utalii. Wanakuja kwa ndugu: shangazi aliyehamia Wichita kutoka Kongo, binamu anayesoma Lawrence, familia ya Kirundi au ya Kikenya iliyoko Kansas City. Ndugu hao wana gari moja, zamu za kazi, watoto wa shule, na pengine mama aliyekuja kutembea na magoti yanamsumbua. Ulinganisho huu ni wao.

Nimeyapanga maeneo katika safari tatu, na kila safari ina mahali pa kutembea nje na mahali pa historia palipo jirani. Sikufanya hivyo kwa kurahisisha njia tu. Katika Kansas ardhi na historia haziachani. Huwezi kuelewa kwa nini watu wa Nicodemus, mji ulioanzishwa na watu weusi walioachwa huru kutoka utumwani, waliishi chini ya udongo mpaka uone nchi isiyo na mti wa kukata nguzo, wala huwezi kuelewa kwa nini nyasi ndefu zimebaki sehemu moja tu mpaka ujue jembe liligonga nini. Anayepita makumbusho peke yake, au mbuga peke yake, anaondoka na nusu ya alichokifuata.

Safari ya kwanza: Flint Hills, na Topeka kwa wenye siku ya pili

Hii ndiyo iliyo karibu. Kutoka Wichita ni kama saa moja na nusu hadi Strong City, na kutoka Topeka ni muda huohuo. Hapo ndipo ilipo Tallgrass Prairie National Preserve, hifadhi ya karibu ekari 11,000 iliyoanzishwa mwaka 1996. Zamani nyasi ndefu zilifunika katikati ya Amerika ya Kaskazini kutoka Kanada hadi Texas. Leo imebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki iko kwenye vilima hivi vya Flint Hills. Kwingineko kulilimwa mahindi na ngano. Huku kulisalimika kwa sababu chini ya udongo mwembamba kuna mawe ya chokaa yaliyojaa gumegume, na jembe halikupita. Wafugaji wakaleta ng'ombe, na ng'ombe hahitaji ardhi ipinduliwe.

Mwaka 2009 walirudishwa baisani 13, yule nyati wa Marekani mwenye nundu na manyoya mazito, na kundi limeongezeka tangu hapo. Njia ya miguu inakatiza katika malisho yao, bila uzio kati yako na wao. Kaa umbali usiopungua mita 90. Ukiwakuta wamesimama njiani, rudi nyuma au zunguka mbali, hata kama umebakiza hatua chache kufika kileleni. Baisani anaonekana mzito, lakini hakuna binadamu anayemzidi mbio.

Jambo moja linawavunja moyo wageni wengi: jina linasema nyasi ndefu, nao wanakuja Mei wakitarajia kupotea ndani yake, wanakuta nyasi za magotini. Nyasi hizi hukua majira yote ya joto. Machi na Aprili wafugaji huchoma vilima ili machipukizi yatoke na miti isivamie, na usiku unaweza kuona mistari ya moto kwa mbali ukiwa barabarani. Mei na Juni ni kijani kibichi na maua. Urefu wa mtu mzima unaupata Septemba na Oktoba, katika miaka yenye mvua nzuri, na wakati huo rangi hugeuka kuwa ya shaba. Mtu akiniuliza aje lini, namwambia mwisho wa Septemba. Jua limepoa, kupe wamepungua, na nyasi ndizo zile alizozisikia.

Njia zina jumla ya kilomita 60 na zaidi, lakini hulazimiki kwenda mbali. Kwa watoto na wazee zipo mbili fupi karibu na kijito cha Fox Creek na nyumba ya ranchi. Nyumba yenyewe ni ya mawe ya chokaa, imejengwa mwaka 1881, pamoja na ghala la mawe la ghorofa tatu ambalo watoto hulipenda kuliko nyumba. Upande wa pili wa kilima kuna shule ya chumba kimoja ya mwaka 1882. Hakuna kiingilio. Dakika chache kusini, kwenye mji mdogo wa Cottonwood Falls, kuna jengo la mahakama la mwaka 1873 ambalo bado linatumika, lenye paa jekundu linaloonekana kutoka mwisho wa barabara kuu ya mji.

Wengi humaliza hapo wakarudi nyumbani. Mimi ningeongeza Council Grove, nusu saa hivi kaskazini, kwa sababu mbuga bila wenyewe ni picha tupu. Wenyewe hao ni Wakaw, taifa la wenyeji asilia wa Amerika, ambao jimbo limechukua jina lao. Walisukumwa kwenye eneo dogo kuzunguka Council Grove, na mwaka 1873 wakaondolewa kabisa kupelekwa Oklahoma. Kusini-mashariki ya mji kuna Allegawaho Memorial Heritage Park, ardhi ambayo taifa la Wakaw limeinunua tena kwa fedha zao, lenye magofu ya nyumba ndogo za mawe walizojengewa na serikali. Mwaka 2024 lilisimamishwa hapo jiwe kubwa jekundu ambalo ni takatifu kwao. Jiwe hilo lilikuwa limechukuliwa na kuwekwa bustanini Lawrence mwaka 1929, likabandikwa bamba la kuwasifu walowezi. Kulitembelea hakuhitaji zaidi ya nusu saa. Ukilitazama jiwe, kisha ukitazama vilima vilivyo nyuma yake, ile mbuga uliyotembea asubuhi inabadilika maana.

Topeka ni ya siku ya pili, au ya siku ya kwanza kwa anayetoka Kansas City, kwani ni kama saa moja tu. Kitu cha kuona ni Shule ya Monroe, ambayo sasa ni Brown v. Board of Education National Historical Park. Kesi iliyobeba jina hilo ilimalizika tarehe 17 Mei 1954, majaji wote tisa wakikubaliana kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kinyume cha katiba.

Mgeni hufika akitarajia kibanda. Anakuta jengo zuri la matofali lililojengwa mwaka 1926, lenye madirisha makubwa na madarasa mapana. Hapo ndipo uzito wa Topeka ulipo. Shule za weusi za mji huu hazikuwa duni kwa majengo kama zile za South Carolina au Virginia, ambazo kesi zao ziliunganishwa na hii. Kwa hiyo mahakama haikuweza kukwepa kwa kuamuru waongezewe madawati. Ilibidi ijibu swali lenyewe: je, kumtenga mtoto kwa rangi yake, hata katika jengo zuri, ni haki? Linda Brown aliishi karibu na shule ya Sumner, ya watoto weupe, lakini kila asubuhi alipita kando ya reli kwenda kupanda basi la kumpeleka Monroe. Baba yake, Oliver Brown, alikuwa mmoja wa wazazi 13 walioshtaki.

Kuna uzi unaoifunga shule hii na nyumbani, na sijaona ukisimuliwa vya kutosha. Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza kesi hizi mbele ya Mahakama ya Juu, mwaka 1960 alikuwa London kwenye mkutano wa Lancaster House akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, kwa mwaliko uliopitia kwa Tom Mboya. Akawaandalia rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba ya nchi iliyokuwa inaelekea uhuru. Ukimpeleka mtoto wa Kikenya au wa Kitanzania Monroe, mwambie hilo kabla hamjaingia.

Dakika chache kwa gari kutoka shuleni kuna jengo la bunge la jimbo. Wenye pumzi wanaweza kupanda ngazi 296 hadi juu ya kuba pamoja na kiongozi, bila malipo. Wenye magoti mabovu wabaki ghorofa ya pili wakitazama mchoro mkubwa wa ukutani wa John Steuart Curry, John Brown, mpiganaji dhidi ya utumwa, amenyoosha mikono, bunduki mkono mmoja na Biblia mkono mwingine.

Safari ya pili: Nicodemus na nchi ya chaki

Hii ni ngumu zaidi na ndiyo bora zaidi. Nayasema yote mawili mapema ili mtu asije akapakia watoto garini bila kujua anaingia wapi.

Kutoka Wichita hadi Nicodemus ni kama saa tatu na nusu, kutoka Kansas City karibu saa tano. Barabara ni nyoofu, vituo vya mafuta viko mbalimbali, na mtandao wa simu hukatika ukishaacha barabara kuu. Ukiangalia kando, utaona nguzo za uzio za mawe badala ya mbao. Wakulima wa eneo la katikati kaskazini walizichonga kutoka kwenye tabaka la chokaa kwa sababu miti haikuwapo. Zishike akilini hizo nguzo.

Mwaka 1877 mzungu mmoja, W. R. Hill, na mchungaji mweusi, W. H. Smith, walianzisha kampuni ya mji na kusambaza vipeperushi Kentucky, vikiwaita watu walioachwa huru kutoka utumwani waje kumiliki ardhi Kansas. Septemba ya mwaka huo walifika kama watu 300. Treni iliwafikisha Ellis, kisha wakaenda siku kadhaa kuelekea kaskazini. Walichokikuta ni nyasi na upepo. Hakukuwa na nyumba, na hakukuwa na miti ya kujengea nyumba, wakachimba vibanda kwenye kingo za ardhi wakaishi humo. Willianna Hickman aliyefika mwaka uliofuata alisimulia kwamba aliuliza Nicodemus iko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini, akaanza kulia. Baadhi walirudi walikotoka. Waliobaki walivuka majira ya baridi ya kwanza kwa shida kubwa, na masimulizi ya wenyeji yanasema Waosage, taifa jingine la wenyeji asilia, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia chakula.

Walipiga moyo konde. Katika miaka ya 1880 mji ulikuwa na maduka, hoteli, makanisa, shule na magazeti. Edward McCabe, mkazi wa Nicodemus, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, mtu mweusi wa kwanza Kansas kushika cheo cha kuchaguliwa ngazi hiyo. Kisha mwaka 1888 reli iliyotarajiwa ikapita kusini ya mto badala ya kupita mjini. Wafanyabiashara wakahamisha maduka kuifuata, na ukame wa miaka ya 1930 ukawamaliza wengi wa waliokuwa wamebaki.

Leo wakazi ni wachache mno. Yamesimama majengo matano ya kihistoria: ukumbi wa mji wa mwaka 1939, ambao ndio kituo cha wageni, makanisa mawili, iliyokuwa hoteli, na shule. Kuyazunguka kwa miguu hakuchoshi hata mzee, maana ardhi ni tambarare na umbali ni mfupi. Kiingilio hakuna. Lakini kituo hakifunguliwi kila siku ya wiki, kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka nyumbani, maana mlango uliofungwa baada ya saa tano za barabara unauma.

Wikendi ya mwisho ya Julai wazao wa waanzilishi hurudi kutoka pande zote za Marekani kwa sherehe ya kuadhimisha ukombozi, desturi iliyoanza mwaka 1878. Kuna maandamano, ibada, chakula na hadithi za wazee wenyewe. Kama unaweza kuchagua siku moja tu ya kuiona Nicodemus, chagua hiyo, kwa kuwa majengo peke yake hayakusimulii vya kutosha.

Tatizo ni kwamba Julai ndiyo mwezi mbaya kabisa kwa nusu ya pili ya safari. Saa moja na nusu hivi magharibi, kusini ya mji wa Oakley, ndiko iliko chaki. Miaka milioni 80 iliyopita bahari ilikata bara hili katikati, na mabaki ya viumbe wadogo yalishuka chini yakawa chaki. Maji na upepo vimeichonga, na mbele yako kwenye tambarare kunasimama ghafla kuta, minara na matao. Monument Rocks ndiyo maarufu, minara ya kufikia mita 20 hivi. Iko kwenye shamba la mtu binafsi anayeruhusu wageni mchana bila malipo. Usipande, usichonge jina, usichukue kisukuku mfukoni. Chaki hubomoka kwa kucha, na ruhusa ya mwenye shamba inategemea adabu ya wageni. Barabara ya kufikia ni ya changarawe na udongo, na mvua ikinyesha gari dogo huteleza vibaya. Subiri ikauke au ghairi.

Little Jerusalem Badlands State Park iko jirani na ilifunguliwa kwa umma mwaka 2019. Ni eneo kubwa zaidi la chaki ya aina hii katika jimbo, minara ikifikia mita 30, na unaitazama kutoka juu badala ya chini. Hapa kuna njia zilizotengenezwa: moja fupi sana hadi mahali pa kutazamia, inayowafaa wazee na watoto wadogo, nyingine ya kilomita mbili hivi kwenda tu, ikifuata ukingo. Kushuka chini kunaruhusiwa kwa ziara yenye kiongozi pekee. Malipo ni ya kila gari, ya kawaida ya hifadhi za jimbo.

Monument Rocks au Little Jerusalem? Mwenye watoto wakorofi aende Little Jerusalem kwanza, kwa kuwa kuna vizuizi, njia inayoeleweka na choo. Mwenye kamera aende Monument Rocks jua linapochomoza au linapokuchwa. Mwenye mama mzee, Monument Rocks pia inafaa, kwa sababu gari hufika karibu kabisa na miamba na haihitajiki kupanda wala kushuka. Kokote uendako hakuna kivuli, hakuna duka, na kuna nyoka wenye njuga mkiani. Vaa viatu vilivyofunika, tazama unapokanyaga, na beba maji mengi kuliko unavyodhani. Julai joto la mchana huweza kupita nyuzi 38.

Kwa watoto, kituo cha Hays kati ya Kansas City na Oakley huokoa safari. Makumbusho ya Sternberg yana samaki wa kale mwenye urefu wa mita 4 na zaidi, na tumboni mwake kuna samaki mwingine mzima wa karibu mita 2 aliyemezwa kabla mlaji hajafa. Walitolewa kwenye chaki hiihii. Mtoto aliyekiona kisukuku hicho anaitazama minara kwa macho mengine, akitafuta meno kwenye mwamba.

Wanaolala hemani waelekee Lake Scott State Park, kusini zaidi, penye ziwa, miti na kivuli, vitu ambavyo baada ya chaki utavithamini. Humo kuna magofu ya El Quartelejo, makao ya Wapueblo waliokimbia utawala wa Wahispania New Mexico katika karne ya 17. Hivyo magharibi ya Kansas ilikuwa kimbilio la watu waliotafuta uhuru karne mbili kabla ya Nicodemus.

Safari ya tatu: ndege wa Cheyenne Bottoms na ngome ya Larned

Kwa hii nitasema machache, maana inategemea kitu kimoja: msimu. Cheyenne Bottoms, nje kidogo ya Great Bend, saa mbili kutoka Wichita, ni kinamasi cha ekari 41,000, kimoja cha vikubwa kabisa katika maeneo ya Marekani yaliyo mbali na pwani, na tangu 1988 kiko kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei hutua ndege wa pwani kwa maelfu wakielekea kaskazini. Mwisho wa Oktoba na Novemba hupita korongo, na mwenye bahati huona korongo weupe wakubwa, ambao ni miongoni mwa ndege adimu kabisa wa bara hilo, hasa akiongeza hifadhi ya Quivira iliyo kusini zaidi. Nje ya misimu hiyo utaona maji na mbu. Na mwaka wa ukame hutaona hata maji, kwa hiyo uliza hali yake kwanza.

Uzuri wake kwa familia ni kwamba ndege huonekana ukiwa ndani ya gari. Barabara zinazunguka juu ya matuta, unasimama, unafungua dirisha. Kwa mgonjwa, kwa mzee, kwa mama mwenye mtoto mchanga, hakuna safari ya nje iliyo rahisi kuliko hii.

Kama nusu saa kusini-magharibi iko Fort Larned, ngome ya jeshi iliyofanya kazi kutoka 1859 hadi 1878 kulinda misafara ya Santa Fe Trail, njia ya zamani ya biashara. Majengo tisa ya mawe ya mchanga ni yaleyale ya zamani, na si kawaida kuona ngome ya enzi hiyo iliyosimama kikamilifu hivyo. Hapa waliwekwa askari weusi wa kikosi cha 10 cha farasi kuanzia 1867. Januari 1869, katikati ya ugomvi na askari weupe wa ngome, zizi lao liliteketea pamoja na farasi wao, na kikosi kikahamishwa. Usiondoke bila kuuliza pia habari za Wacheyenne, ambao kijiji chao si mbali na hapo kilichomwa na jeshi Aprili 1867. Askari weusi walitumwa kulinda barabara iliyopita juu ya nchi ya watu wengine, na kila upande una haki ya kusimuliwa.

Zikiwekwa pamoja

| | Flint Hills na Topeka | Nicodemus na chaki | Great Bend na Larned |
|---|---|---|---|
| Muda | Siku moja. Mbili pamoja na Topeka | Siku mbili, tatu ni bora | Siku moja ndefu |
| Kutoka Wichita, kwenda | Saa 1½ hadi Strong City | Saa 3½ hadi Nicodemus | Saa 2 |
| Wakati mzuri | Mei–Juni, Septemba–Oktoba | Aprili–Mei, Septemba–Oktoba, sherehe mwisho wa Julai | Mwisho wa Aprili–Mei, mwisho wa Oktoba–Novemba |
| Magoti mabovu | Njia fupi zipo, Topeka yote ndani | Sawa, ila safari ya gari ni ndefu | Rahisi kuliko zote |
| Barabara | Lami | Lami, kisha changarawe | Lami na changarawe nzuri |
| Gharama za kuingia | Bure | Bure, ila hifadhi za jimbo na Sternberg | Bure |

Hatari moja ni ya safari zote: Aprili hadi Juni ni msimu wa tufani za tonado na radi. Weka tahadhari za hali ya hewa kwenye simu, na radi ikianza usiwe mtu mrefu kuliko vyote kwenye tambarare. Rudini garini.

Yapo maeneo niliyoyaacha nje ya jedwali ambayo kwa mtu fulani yangekuwa ya kwanza. Mvulana anayependa anga apelekwe Cosmosphere ya Hutchinson, chini ya saa moja kutoka Wichita, akakione chombo halisi kilichowarudisha duniani wanaanga wa Apollo 13. Na Chanute, kusini-mashariki, kuna makumbusho ya Martin na Osa Johnson, wanandoa wa Kansas waliopiga picha na filamu Kenya, Tanganyika na Kongo miaka ya 1920 na 1930, wakakaa miaka kadhaa kando ya ziwa juu ya mlima Marsabit. Nenda ukijua kwamba macho yao yalikuwa ya enzi zao, na namna walivyowaonyesha Waafrika inaumiza mahali pengine. Hata hivyo ni ajabu kukuta Marsabit ndani ya kituo cha zamani cha treni katika mji mdogo wa Marekani, na picha zenyewe ni kumbukumbu ya nchi zetu. Anayeondoka Wichita kwenda Flint Hills atapita El Dorado, alikokulia Stanley Dunham, babu mzaa mama wa Barack Obama. Mama yake Obama alizaliwa Wichita mwaka 1942. Wakenya wengi hupita pale bila kujua.

Basi, nani aende wapi

Mwenye siku moja na watoto, aende Flint Hills, wala asihangaike na kingine. Anayetoka Kansas City na anayejali historia kuliko kutembea, Topeka asubuhi, Council Grove alasiri. Mwenye mzee asiyeweza kutembea, Great Bend katika msimu wa ndege, na nje ya msimu Topeka. Anayependa baiskeli atazame Flint Hills Trail, njia ya reli ya zamani ya zaidi ya kilomita 180 inayopita Council Grove, akate kipande kinachomfaa.

Na mwenye siku mbili kamili, gari zima na hamu ya kuelewa, aende magharibi, hata kama ni mbali. Anayekwenda Julai kwa sherehe ya Nicodemus asijaribu chaki mchana. Akalale Oakley Jumamosi usiku, afike Monument Rocks Jumapili jua likichomoza, atoke Little Jerusalem kabla ya saa nne asubuhi, kisha apande barabara kuu ya I-70 kurudi mashariki na kupumzika na watoto Sternberg wakati wa joto kali. Anayekwenda Septemba au Oktoba afanye kinyume: Nicodemus asubuhi ya siku ya kwanza, chaki jioni, hema Lake Scott, na El Quartelejo siku ya pili. Tenki lijazwe Oakley kabla ya kukata kusini.